Bi Salhiya na Laptopu za Wageni

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 2024, Bi Salhiya Mmanga, mtunza chumba cha kompyuta, atatimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika skuli yetu, na siku hiyohiyo atastaafu. Alizaliwa Kizimkazi, anaishi Chukwani. Walimu wanaosema hajawahi kuchelewa wanamstahi tu. Alichelewa mara nyingi, kwa sababu alipitia kwanza Darajani kwa fundi, akaingia getini na mkoba uliojaa spea.

Nimeombwa mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya hafla ya kumuaga. Nadhani watu wanaamini kwamba asiyesema sana huandika vizuri. Sijui. Ninachojua ni kwamba mbele ya kipaza sauti nisingeweza, na kwenye karatasi naweza kidogo.

Alianzia ofisini, kwenye mashine ya taipu. Mitihani yote ya skuli ilipita vidoleni mwake, na halikuvuja hata swali moja, ingawa majirani wenye watoto walimletea bakuli za urojo wa kila namna. Zilipokuja kompyuta akahamishiwa huko, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, ni yeye peke yake pale aliyekuwa hagongi vitufe kama anayetwanga.

Alizokabidhiwa ni laptopu nyeusi, nene, za plastiki, zilizokwishatumiwa na watu wengine. Zilikuwa kumi na mbili, zimenunuliwa kwa michango ya wazee wetu. Kila moja ilikuwa na skrubu zinazoonekana mgongoni na betri inayochomoka kwa kidole. Sisimizi wakiingia kwenye kibodi, alitoa kibodi ya nyengine. Bawaba ikikatika, alitoa ya nyengine. Kazi hiyo aliiita kurithishana. Ile tunayoiita Bibi ina kioo cha moja na betri ya nyengine, na pahala pa kitufe cha A amegandisha kifungo cha shati la marehemu mumewe, Mzee Himid. Ukifika kwenye A ya jina lako, lazima umwamkie mzee. Khairat, mwenzangu wa darasa, humwamkia mara mbili.

Somo lenyewe tunalisoma kwa Kiingereza, lakini kwa Bi Salhiya mashine ziliugua kwa Kiswahili. Hii ina pumu, feni yake imejaa vumbi. Hii imezimia, ipepeeni kwanza. Mimi nilielewa kwa lugha hiyo, kisha ndipo nikaenda kujibu mtihani kwa ile nyengine.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wasifu wa namna hii huliruka. Mwenyewe amenikataza nisiliruke. "Mwanangu, ukinisifu mwanzo mwisho watadhani nshakufa," aliniambia.

Mwaka 2019 alikuja mfadhili, akamwachia yeye achague: laptopu ishirini za kawaida, au tano za hali ya juu, nyembamba, za rangi ya fedha. Akachagua tano. Rahisi ghali, alisema, na sisi sote tungesema hivyohivyo. Zilikuwa nzuri kweli. Ukifungua picha ya Forodhani usiku, unakaribia kusikia harufu ya mishikaki.

Nyumba nyingi za Unguja zina kabati la vyombo vya wageni, ambalo mtoto wa nyumba haligusi. Laptopu zile zikawa vyombo hivyo. Bi Salhiya alizifumia vitambaa vyeupe vya kuzifunika, akazifungia kabatini, ufunguo akautia shingoni. Mgeni akija zilitoka, mgeni akiondoka zilirudi. Wengine tuliziona kupitia kioo cha kabati. Hakuna aliyelalamika. Tuliona ndiyo heshima yake.

Mwaka huu, mtihani wa vitendo ulipokaribia, nyeusi zilikuwa zimebaki sita na watahiniwa ni wengi. Basi akalifungua kabati. Tatu zilikuwa zimevimba, vifuniko vimenyanyuka kama maandazi yaliyoumuka. Mbili hazikuwaka kabisa. Betri zilikuwa zimekaa miezi na miezi bila kutumika wala kutiwa chaji, na hewa yetu ya chumvi ikafanya yaliyobaki.

Mimi na Khairat tulimsaidia kuzibeba hadi Darajani, kwa Borafya, fundi wake wa siku zote. Borafya aliigeuza moja huku na huku akitafuta pa kuanzia.

"Bi Salhiya, hii si laptopu, hii chaza. Ukiibandua ishakufa."

"Betri tu, Borafya. Nnataka betri tu."

"Betri imegandishwa kwa gundi. Memori imechomelewa humohumo. Na hiyo betri yenyewe nikikuagizia, kwa bei yake unapata zile nyeusi zako mbili, na chenji ya soda."

"Kwa hivyo tulipewa kitu kibovu?"

"Kizuri sana. Mngekitumia kila siku kingekwenda miaka. Lakini hichi cha mtu ambaye kikimfia anakwenda kununua chengine. Wewe si mtu huyo, Bi. Na mimi pia si mtu huyo."

Alijaribu moja, akaipasha moto taratibu ili gundi ilainike. Kioo kikapasuka. Zile nne hakuzigusa tena. Tulipofika skuli, Bi Salhiya akasema, "Nimeziua kwa adabu."

Mtihani ukafanywa kwa zamu, kwa nyeusi sita. Rahila, aliyekuwa zamu ya mwisho, hakumaliza. Bi Salhiya alimsubiri mlangoni akamwomba radhi. "Hakuna kitu, Bi," Rahila alimjibu, kisha akaenda kulia chooni. Nilimsikia.

Na sasa hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi ya Bi Salhiya. Kamati ya skuli imeamua chumba kiwe stoo ya madawati. Zile nyeusi zitauzwa pamoja na vyuma chakavu, kwa sababu zinaonekana mbaya. Za fedha zitahamishiwa kwenye kabati la ofisini, kwa sababu zinapendeza mgeni akija. Nimeisoma aya hii mara nyingi nikidhani nimekosea kuandika. Sikukosea. Zilizo hai zinakwenda kwenye mizani, na zilizokufa zinabaki.

Bi Salhiya alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Maalim Mansour, akaomba asinunuliwe zawadi ya kuagwa. Anachotaka ni zile sita zibaki chumbani mwao, na mlango usifungwe. Ametufundisha kikundi kizima kufungua, kusafisha na kurithisha, na bisibisi zake ameshampa Khairat. Maalim alimjibu, "Tutalitazama, Bi Salhiya." Sote tunalijua jibu hilo na linakoishia. Naogopa kuandika haya, kwa kuwa ni Maalim atakayeisoma ratiba hii kabla haijachapwa. Ikiwa mnaisoma, basi hakuikata aya hii, nami kwa hilo namshukuru kabla ya kitu chochote.

Siku ya hafla, baada ya dua na kabla ya chakula, chumba cha kompyuta kitakuwa wazi. Nyeusi zote sita zitakuwa zinawaka. Tunawaomba wanakamati wapite, wakae, kila mmoja aandike jina lake kwenye Bibi. Wenye A kwenye majina yao watamwamkia Mzee Himid. Baada ya hapo wakiamua ziuzwe, angalau wameziona zikiwa hai.

Bi Salhiya, ahsante kwa mikono yako, na kwa kutuonesha pia pale ulipokosea, jambo ambalo watu wazima hawatufanyii sana. Vile vitambaa vitano umevichukua nyumbani. Na nimesikia kwamba kule Chukwani umelifungua kabati lako, chai ya asubuhi unainywea kwenye vikombe vya wageni. Tunakuombea afya, na umri wa kuvitumia mpaka vivunjike.