Solongo, Watu Wawili

Jumapili asubuhi, basi la Mtaa wa Saint-Denis, Montreal, barafu imetanda madirishani. Mbele yangu bibi mwenye kofia ya manyoya, na kando yake msichana mwenye daftari, mwanafunzi kutoka Mongolia, kama alivyolitangazia basi zima.

“Mikahawa kumi na tisa ya kifungua kinywa kwenye orodha yangu nimeimaliza,” alisema msichana. “Umebaki mmoja. Leo lazima nile pale.”

“Upange foleni saa nzima kwenye baridi hii kwa ajili ya mayai?” bibi akacheka. “Mwanangu, mayai hukaangwa nyumbani.”

“Foleni naiweza, bibi. Tatizo ni meza. Ukiwa peke yako unawekwa kaunta, unatazama ukuta. Mimi nataka dirishani, kwa hiyo mlangoni, kwenye karatasi ya wanaosubiri meza, naandika: Solongo, watu wawili.”

“Na wa pili yuko wapi?”

“Hayupo. Mara tatu wamenirudisha. Meza hawatoi mpaka mtimie.”

“Basi si ukae kaunta!”

“Sikai. Leo naandika wawili tena.”

“Watakurudisha tena.”

“Jumapili ijayo nitakuja tena.”

“Una kichwa kigumu wewe!”

Bibi alimsema mpaka sokoni, ambako alikuwa ametuambia sote anakwenda kununua vitunguu. Soko likapita, bado alikuwa na la kusema. Basi liliposimama mbele ya mkahawa, foleni ilikuwa imezunguka kona. Msichana akashuka. Bibi naye akashuka nyuma yake, bado anafoka kwamba mayai ni ya kuliwa nyumbani, na kwamba yeye upepo wa dirishani humuumiza shingo.