Jina la Joyceline

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Handeni, mbele yangu walikaa mama mmoja wa Misima na fundi kijana aliyemtengenezea tovuti ya kutafuta wachangiaji damu kwa binti yake, Joyceline, aliyelazwa Korogwe. Fundi naye alikuwa anakwenda kuchangia.

"Mama, ukurasa wa Joyceline niliuweka kwenye folda, ndani ya tovuti ya karakana ya kaka yangu. Jina lake, lile watu wanaloandika mtandaoni, lilitakiwa kuelekezwa kwenye hiyo folda. Mimi nikalielekeza mwanzo wa tovuti."

"Mwanzo kuna nini, Matayo?"

"Majeneza."

Nikageukia dirishani kutazama mkonge.

"Kwa hiyo watu wameandika jina la mwanangu, wakaletewa majeneza. Ndiyo maana jana majirani walikuja na kuni na turubai." Kwetu habari ya msiba haiulizwi mara mbili.

"Nimesharekebisha, mama. Ilikuwa kazi ya dakika mbili tu."

"Na pole wanazosema walituma kwenye simu yangu, utazirekebishaje?"

"Uzifute tu, mama."

"Simu nilimwachia Joyceline wodini. Tangu jana anazisoma yeye."

Konda akafungua mlango: "Hospitali!" Mama akashuka. Matayo hakuinuka.