Mzee Pazi Anaweka Pembe Chini

Ijumaa hii, katika mwezi wa Rajabu mwaka 1305 wa Hijria, Mzee Pazi anastaafu kazi ya kupiga mbiu katika mji wa Bagamoyo, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutuambia mambo tuliyotaka kuyajua na mengine mengi ambayo hatukuyauliza. Mimi Husseni, niliyekuwa nikipuliza pembe ili watu wanyamaze na yeye aseme, nimetakiwa na madiwani niandike maneno haya yasomwe kwenye karamu. Nimekubali kwa furaha. Ni mara ya kwanza mimi kusema na yeye kusikiliza.

Kazi ya mpiga mbiu ni nyepesi kwa maelezo. Madiwani wanakupa neno, unazunguka mitaa, unalisema kama lilivyo, unarudi. Mzee Pazi hakuwahi kulisema neno kama lilivyo. Akipewa habari ya mbuzi aliyepotea, anaongeza tabia za mbuzi na za mwenye mbuzi. Akitumwa kutangaza harusi, anaeleza na wale waliokataliwa posa. Mzunguko wa kumalizika kabla jua halijawa kali, sisi tuliumaliza adhuhuri, kwa sababu kila mlangoni alisimama, akauliza hali za waliomo, akanywa kahawa ya watu.

Wapo wanaokumbuka alivyomtangaza marehemu Mwinyijuma wa mtaa wa Gongoni, ambaye wakati ule hakuwa marehemu. Aliyefariki alikuwa Mwinyijuma mwingine, wa Kaole. Yule wa Gongoni akatoka nje na msuli wake, mswaki mdomoni, akasema, "Pazi, mimi mzima!" Mzee Pazi akamtazama juu mpaka chini, akamjibu, "Mbiu ikishapigwa hairudi, bwana. Wewe vuta subira tu." Kisha akaendelea na mtaa wa pili. Mwinyijuma aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila Idi alikuwa akimpelekea Pazi salamu za ahera.

Lakini katika utundu huo aliingiza jambo ambalo hakuna diwani aliyemwagiza. Akimaliza tangazo la mji, anatulia kidogo, halafu anapaza sauti: "Na Bwanausi ana homa, mkewe yuko Miono kwa wazazi wake. Nani anampikia uji? Au mnangoja kumpikia pilau ya hitima?" Watu waliona haya. Kabla ya jioni Bwanausi alikuwa na vyungu vitatu vya uji mlangoni na watu wanne wa kumsengenya akiwa anasikia. Akapona. Sijui ni uji uliomponya au ni hasira. Wengi walipona kwa njia hiyo, na wengi wao hawajamsamehe Pazi mpaka leo.

Aliyemchukia kuliko wote ni jirani yake, Bibi Mwanamkasi, mjane anayekaanga vitumbua karibu na kambi ya wapagazi. Siku moja alimwomba Pazi amtangazie biashara. Pazi akatangaza kwa sauti yote aliyopewa na Mola: "Enyi wasafiri! Mwanamkasi ana vitumbua! Mwenye meno aende!" Tangu siku hiyo hawakuwahi kupishana njiani bila kurushiana neno. Marehemu Bi Mardhiya, mke wa Pazi, alikuwa akiweka mkeka barazani asubuhi ili asikose hata jibu moja.

Miaka mitatu iliyopita Bi Mardhiya alifariki. Pazi alikaa matanga, akashukuru waliokuja, kisha akanyamaza. Binti yake Sikuzani, aliyeolewa Fukayosi, akaja kumchukua. Alifanya kwa mapenzi, na mtu asimlaumu. Alimjengea baba yake kibanda kipya mbali kidogo na nyumba, mwisho wa shamba la muhogo, apate utulivu. Wajukuu walikatazwa kupiga kelele. Wageni waliambiwa mzee anapumzika. Chakula kililetwa kimefunikwa kawa, kikawekwa taratibu, kikachukuliwa baadaye kikiwa kama kilivyoletwa.

Nilipokwenda kumwangalia nilidhani nimeingia kibanda cha mtu mwingine. Miguu ilikuwa imevimba, mashavu yameingia ndani. Aliniuliza jina langu. Sikuzani alikuwa amekwisha kuhangaika: mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika kombe la aya, Pazi akalinywa, mganga wa Kikwere alileta mizizi, mwingine akasema ni pepo na pepo anataka ngoma. Ngoma ilipigwa. Pepo hakutoka, kwa kuwa hakuwamo. "Mjomba Husseni," aliniambia Sikuzani nje ya mlango, "nimempa baba kila kitu. Sasa ananifia mikononi."

Nilirudi Bagamoyo nikiwaza njia nzima. Mtu aliyekuwa akiwatangaza wagonjwa wa mji mzima, alipougua yeye hakuwa na wa kumtangaza. Basi nilipuliza pembe, na sauti yangu hii ya chura nikaitoa: "Mzee Pazi anakufa Fukayosi! Hali chakula, hasemi, hagombani na mtu!"

Watu walisikitika kwa adabu. Wengine walisema watamwombea. Bibi Mwanamkasi alikuwa anageuza vitumbua. Akaweka kijiti chini.

"Hagombani?" akauliza.

"Hata kidogo."

"Kapata wapi ruhusa?"

Kesho yake alfajiri tulishika njia, yeye, mimi na mke wangu, maana watu wa mji huu hawakosi la kusema. Alibeba kikapu kichwani na hakumpa mtu amsaidie. Tulifika alasiri. Sikuzani akatupokea kwa shikamoo ya kunong'ona, akaweka kidole mdomoni kuashiria mgonjwa amelala.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mwanamkasi kwa sauti iliyorusha kuku. "Amelala vya kutosha. Hodi!"

Akasukuma mlango.

"Hiyo hodi ilikuwa ya heshima. Sasa naingia." Akaingia, sote nyuma yake. Pazi alikuwa amelala ameelekea ukutani. "We Pazi! Nimetembea tangu alfajiri na magoti yangu haya, nimekukuta umelala kama furushi la dobi. Mwenzio nimebaki kule nagombana na wapagazi, Kiswahili chenyewe hawajakijua sawasawa. Raha gani hiyo? Kula."

Akamtia kitumbua mkononi. Pazi alikigeuzageuza. Akakimega, akatafuna, akatafuna tena. Sikuzani alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

"Hakijaiva," akasema Pazi.

"Hujaiva wewe!"

Hapo Sikuzani akaangua kilio, na wale wawili hawakumwona, kwa sababu vita ilikuwa imeanza. Walizungumzia mchele, nazi, ubora wa meno ya wanaume, na ukoo wa kila mmoja mpaka kwa mababu. Wajukuu waliokatazwa kukaribia walijazana mlangoni. Magharibi ilipoadhiniwa Pazi alikuwa ameketi kitako, amekula vitumbua vinne vibichi, na anadai maji ili ajibu vizuri.

Siku ya pili haikuwa ya mchezo. Mwanamkasi alikuwa katikati ya tusi zuri sana alipoona machozi yanamtiririka Pazi. Akakatiza.

"Nikiamka," Pazi akasema, "nageuka nimwambie Mardhiya jambo. Naona ukuta."

Mwanamkasi alikunja pembe ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

"Niambie mimi," akasema hatimaye. "Sitakubali hata moja. Lakini niambie."

Pazi akamwambia. Mke wangu alinivuta nje, tukawaacha na Sikuzani akisuka mkeka pembeni. Jioni ile Pazi aliomba samaki. Baada ya wiki uvimbe wa miguu ulikuwa umepungua, na Sikuzani mwenyewe alihamisha kitanda cha baba yake kutoka kile kibanda hadi ukumbini, wanakopita watoto, kuku na wageni wote. Mwezi ulipoandama Pazi alirudi mjini kwa miguu yake. Tangazo lake la kwanza lilikuwa la ushuru wa pembe za ndovu, na alilitumia kutueleza tabia za kila aliyekosa kwenda kumtazama. Alitaja majina.

Amefanya kazi zaidi ya miaka miwili tangu hapo. Sasa sauti imemwishia. Juzi alitangaza harusi na wanawake wa mtaa wa Dunda wakaanza kulia, wakidhani ni msiba. Amesema mwenyewe kuwa imetosha. Sikuzani amemwalika akapumzike Fukayosi, yeye amejibu kuwa atakwenda kutembea, siyo kupumzika, na kwamba ugonjwa ule haukuwa na jina lakini dawa yake ilikuwa na mdomo mrefu. Bibi Mwanamkasi, aliyeketi mstari wa mbele leo, anaombwa asijibu mpaka dua imalizike.

Madiwani wanamshukuru kwa utumishi wake. Mimi namshukuru kwa masikio yangu, yaliyosikia mji mzima kutoka kwake. Na nyote mliohudhuria mna kazi moja: msimwache Mzee Pazi apumzike. Mpitieni asubuhi, mkatalieni hoja zake, mpelekeeni kahawa mpate kulalamikiwa kuwa ni nyepesi. Mkiona amefunga mlango, fungueni.

Mzee wetu, Mungu akupe umri mrefu, tumbo lenye hamu, miguu isiyovimba, na majirani wasumbufu mpaka siku ya mwisho. Amin.