Nilikula Kutoka Mkononi mwa Mke Wangu

Nawasalimu kwa jina lake aliyenivumilia, ndugu zangu. Bwana asifiwe sana.

Wengi hapa Kahama mnanifahamu. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu ina bati la rangi, na hakuna mtu aliyewahi kuninunulia hata sururu. Nilianza kwa kuponda mawe kwa nyundo kule Kharumwa mpaka nikamiliki duara langu mwenyewe, shimo refu kuliko yote pale kambini. Viti vya kanisa hili nusu nimeleta mimi. Nasema ukweli, sijisifu. Lakini dhahabu ilipogoma, mimi huyu wa kiti cha mbele nilikwenda kwa mganga.

Mganga alifukia chungu cha dawa mdomoni mwa duara, akanipa mwiko: nisile chochote kutoka mkononi mwa mke wangu mpaka mwamba wenye dhahabu uonekane. Wenye maduara wengi kule wana miko ya namna hiyo. Sasa mke wangu, Mama Kulwa, tuliyekuwa tumepanga naye kule kule, ndiye aliyeleta chakula kambini kila siku. Ningemwambia nini? Nikamwambia nimefunga kwa maombi mpaka Bwana aufungue mwamba.

Ndugu zangu, aliamini. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Baba Kulwa, leo nimepata mume." Akawapakulia wachimbaji michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mimi nikageukia pembeni kama mtakatifu. Akiondoka tu, nakwenda kwa jamaa mmoja aliyekuwa anakaanga chipsi mayai. Wachimbaji wakanitania, "Bosi, huu mfungo wako unanenepesha. Tufundishe na sisi."

Yeye alizidi kukonda. Nikadhani ni jua. Kumbe alisema moyoni hawezi kushiba mumewe akiwa na njaa. Na yeye akafunga, na bado anatembea na masufuria kichwani. Siku moja akaanguka njiani kabla hajafika kambini. Wa bodaboda wakamkimbiza hospitali.

Nilimkuta kitandani, midomo imekauka. Uji ameletewa, hataki. Akanitazama, akasema polepole, "Nisamehe, Baba Kulwa. Mimi nimeshindwa, wewe umeweza."

Nilitamani sakafu inimeze. Nesi akanigeukia: "Mzee, huyu asipokula tutampoteza. Mwambie wewe." Mama Kulwa akachota uji kwa kijiko, akaninyooshea. "Anza wewe. Tulifunga wote, tufungue wote."

Simu yangu ikaita. Alikuwa msimamizi wa duara, aliyekuwepo mganga alipofukia chungu. "Bosi, jiwe limebadilika rangi, tumekaribia. Chonde chonde, mwiko usivunjike leo."

Ndugu zangu, jasho langu la miaka yote lilikuwa kwenye ile simu, na mke wangu alikuwa mbele yangu. Nikakata simu. Nikafungua mdomo, nikameza. Naye akala.

Ndipo nikapiga magoti, nikamweleza yote, chungu, mwiko, na zile chipsi. Machozi yakamshuka. Halafu akauliza, "Na mayai?"

"Na mayai."

"Basi tubu kwa Mungu kwanza. Mimi utanikuta."

Nilitubu pale pale. Kesho yake nikakifukua kile chungu kwa mikono yangu, nikakivunja wachimbaji wakiona. Msimamizi akacheka kwa hasira: "Mwanaume mzima umeuza duara kwa kijiko cha uji." Wakaondoka mmoja mmoja. Dhahabu ya lile duara sijaiona mpaka leo, na sitawadanganya kwamba nilirudishiwa mara mbili. Sasa nauza mchele, na mchele wangu ndio bora Kahama nzima. Mama Kulwa naye hakunisamehe kwa siku moja. Kuna siku alinipakulia akanigeuzia mgongo, nami nikala nikimshukuru Mungu kwamba bado ananipakulia.

Ndugu yangu, unaimba vizuri, unatoa vizuri, na kuna kitu umekifukia. Nilidhani Bwana atanidharau akikiona. Kumbe alikuwa anakiona siku zote, na bado alinilindia mke. Usingoje mtu wako aanguke njiani. Njoo leo hivyo hivyo ulivyo, na mikono yenye udongo. Mimi alinipokea.