Nyasi za Jumamosi za Ma Alistidia

Mundu ukinolewa juu ya jiwe: hiyo ndiyo sauti ambayo majirani wa Izigo waliamka nayo kila Jumamosi kwa miaka arobaini. Wakiisikia walisema, "Ma Alistidia anakwenda rweya," maana huko kwenye uwanda wa nyasi ndiko alikokata majani laini ya kutandika sakafuni mwake, ili Jumapili ikute nyumba mpya ndani ya nyumba ya zamani.

Marehemu Alistidia alizaliwa Kamachumu yapata mwaka 1897. Siku haikuandikwa, mama yake alikumbuka tu kwamba senene walikuwa wengi mno. Alibatizwa katika misheni ya Rubya tarehe 15 Agosti 1909, akasoma huko miaka miwili. Kuandika alikuacha mapema. Kusoma aliendelea nako maisha yake yote, tena kwa sauti, kwa kuwa aliamini neno lisilosikika halijasomwa.

Tarehe 7 Februari 1917 alifunga ndoa na Mwijage wa Izigo, aliyemjengea msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Walijaliwa watoto wawili, Klaudia na Datius. Mwijage alifariki mwaka 1938, Ma akabaki na kibanja cha migomba na kahawa, na vidole vyepesi vya kusuka mikeka. Kazi zilikuwa nyingi, lakini alijua kuionja siku. Jioni aliketi juu ya nyasi zake, miguu ameinyoosha, akitafuna buni za kuchemsha moja moja, huku gonja, ndizi ya kuchoma, likiiva pembeni ya moto. Mvua ikianza aliwanyamazisha watoto: "Sikilizeni inavyotua juu yetu. Kama kuku juu ya mayai."

Datius alipopata ukarani mjini Bukoba, alitaka mama yake apumzike. Mwaka 1954 alimwoa Clotilda wa Rwamishenye, akajenga kando ya msonge nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, akaagiza mafundi waje Jumatatu, tarehe 13 Septemba, kuubomoa msonge.

"Ma, hutakata nyasi tena," alimwambia. "Utafagia tu."

Ma hakubishana. Ila wiki nzima alikula kidogo, na mkeka aliokuwa ameuanza haukuongezeka hata ukili mmoja.

Jumapili, tarehe 12, Mzee Kagaruki, baba yake Clotilda, alikuja kumwona binti yake kwa mara ya kwanza tangu harusi. Datius alikuwa amekataza nyasi kwenye saruji. Ma akazitandika. "Mkwe aje akalie jiwe, kama mjusi?" Basi Mzee Kagaruki akavua viatu, akapiga hatua moja, nyasi zikateleza, naye akasafiri nazo ameketi, kanzu na fimbo, hadi mlango wa chumba cha ndani. Mkwe ameanguka!

"Waitu, jamani," akasema akiwa palepale chini, "nimefikishwa chumbani kabla sijasalimiwa."

Clotilda akauficha uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika. Ma akaenda akapiga magoti. "Nisamehe, mkwe wangu. Kosa ni langu."

"Nyasi hazina kosa. Datius! Sakafu yako nzuri sana, mwanangu. Anika buni hapa." Kisha akaunyooshea fimbo msonge. "Mimi niketisheni pale."

Wakahamia wote kule, na lubisi, pombe ya ndizi, ikanywewa hadi jua likaelemea. Mafundi walipofika Jumatatu na mapanga yao, Datius aliwapa kibuyu cha lubisi kilichobaki, akawarudisha makwao. Tangu siku hiyo Ma alilala msongeni mwake, na mkeka ule ulikwisha kabla ya mwezi kuandama.

Mwezi Novemba 1956 miguu ilianza kumvimba na kifua kumbana. Alikaa wiki tatu kwa Klaudia huko Kitendaguro, karibu na matibabu, akalazwa kwenye kitanda cha springi. Bibi Shamsa, jirani, alipomuuliza amelalaje, alijibu, "Dada yangu, kitanda hiki kina mdomo. Kila nikigeuka kinanijibu." Bibi Shamsa alicheka hadi akaomba maji. Siku ya pili alimletea mkeka. Baada ya wiki hizo tatu Ma aliomba kurudishwa Izigo.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 9 Mei 1957, saa kumi na moja jioni. Ameacha watoto wawili, Klaudia na Datius, mkwewe Clotilda, wajukuu watano, na majirani ambao Jumamosi hii wameamka bila kuamshwa. Bwana amtandikie mahali palaini, apumzike kwa amani.

Alhamisi ile Datius alifika kutoka mjini saa tisa alasiri, amebeba taa ya karabai, mpya, kwa kuwa ndani ya msonge mna giza hata mchana, naye hakutaka mama yake alale gizani. Akaipiga pampu. Ikavuma, ikawaka nyeupe, hata masizi ya darini yakahesabika. Ma akafumba macho, midomo ikimchezacheza. Datius akadhani anataka maji, akainama hadi sikio likagusa midomo yake.

"Izime, mwanangu," Ma akanong'ona. "Nikuone."