Mabeseni Mawili na Pengo la Jumapili

Mwangaluka, ndugu zangu! Akina mama nimewasikia. Akina baba nimehesabu sauti tatu, narudia: mwangaluka! Haya, sasa nne. Tunasonga mbele, Mungu huanza na wachache.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa Bayolojia wa watoto wenu, na kama yule mtu anayebishania fungu la nyanya mpaka muuzaji anakunja turubai. Leo nimesimama kusema kwamba nilikuwa mwongo. Sikudanganya kuhusu fedha wala ndoa. Nilidanganya kuhusu mbegu za pamba. Na sitamtaja mtu, kwa hiyo nyie mliokaa mbele acheni kugeuka geuka.

Ilikuwa hivi. Kidato cha Pili walipanda mbegu arobaini ili waone zitaota ngapi. Mimi nilikuwa na vipindi vingi, sikwenda kuangalia. Siku ya wazazi ikakaribia, mbegu zimeoza kwa maji. Nikafanya tulichozoea walimu wengi: nikaandika matokeo ubaoni, watoto wakanakili. Zilizopandwa arobaini, zilizoota arobaini. Hesabu safi, haina hata vumbi.

Sasa ndugu zangu, nawaambia, ukitaka kudanganya kuhusu pamba, usidanganye hapa Nkoma, kwa wakulima wake. Mayu mmoja, mama mkulima wa pamba, yuko humu, simtaji, ila aache kucheka, alisimama katikati ya wazazi.

"Mwalimu, zimeota zote?"

"Zote, mama."

"Hiyo mbegu tuuzie basi. Sisi shimo moja tunatupia tano, sita, ili walau moja iote. Unadhani tunazipenda sana?"

Uwanja mzima ukacheka. Mkuu wa shule naye alicheka, kisha akakumbuka cheo chake. Kuanzia siku hiyo nikawa Mwalimu Arobaini. Hata sokoni nikiuliza bei, naambiwa, "Kwako arobaini, mwalimu."

Jina niliweza kulibeba. Kilichoniangusha ni binti mmoja, mjukuu wa mayu huyo huyo, aliyekuwa akiongoza darasa. Kipindi kilichofuata nilitoa zoezi, akanyoosha mkono taratibu.

"Mwalimu, tuandike tulichoona, au tulichoambiwa?"

Hakuwa na dharau. Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililouma. Nilitoka nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Nikaisoma mara mbili, kama kawaida yangu. Mara ya pili nikaona: huko niendako nitaandika arobaini nyingine. Nikaichana.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Nikamwambia nataka kurudia jaribio, na safari hii watoto wapige picha za mbegu kila asubuhi, kwa simu. Nahitaji simu sita.

"Mwalimu, simu kwa wanafunzi ni marufuku. Unataka nifukuzwe?"

"Simu isiyo na laini si simu, mkuu. Ni kamera yenye majivuno."

"Sita hapana."

"Nne?"

"Mbili. Zikae ofisini kwangu, uzihesabu zikitoka na zikirudi."

Nilinuna mpaka mlangoni. Nje nikatabasamu, maana nilikuwa nahitaji mbili.

Simu zilitoka humu humu kanisani. Moja kioo kimepasuka kama utando wa buibui, nyingine ilikuwa haishiki chaji mpaka fundi wa Bariadi alipoikarabati. Ilikuja na picha nyingi sana za mbuzi. Tulizifuta baada ya kumuuliza mwenyewe, mara mbili.

Tukapanda Jumanne. Beseni la kwanza, mbegu ishirini zilizosuguliwa kwa majivu na maji mpaka manyoya yakalala, kama wazee wenu wanavyofanya. Beseni la pili, ishirini na manyoya yake. Swali letu: zipi zitatoboa udongo kwanza, na zipi zitaota nyingi? Kila simu ikaegeshwa juu ya tofali, alama ikachorwa kwa chaki, picha saa moja na nusu asubuhi, pale pale.

Kumbe ndicho nilichokosa maisha yangu yote! Mche haukusubiri uuhesabu tena, kesho umeshabadilika. Picha inakusubiri. Unaweza kuihesabu jana leo. Kundi moja lilipata miche kumi na sita kwenye beseni la kwanza, jingine kumi na mitano, karibu wapigane. Wakaikuza picha: mmoja ni gugu. Kumi na mitano. Nilijisikia kama mtu aliyelipwa.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi ya wiki ya kwanza, mabeseni yalikuwa udongo mtupu. Jumatatu tukakuta miche sita beseni la kwanza, miwili la pili. Ilikuwa imetoboa Jumapili, na Jumapili sote tulikuwa hapa tukiimba. Mchungaji, usiniangalie hivyo, silalamiki.

Siku tuliyoihitaji kuliko zote haikuwa na picha. Na mimi, ndugu zangu, najua kurudisha tarehe ya simu nyuma, picha ya Jumatatu isomeke Jumapili. Ni kazi ya dakika moja. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye mipangilio. Nikainua macho, binti yule amesimama na daftari. Swali lake nilikuwa nalo tangu siku ile.

Nikaiweka simu mezani. "Andikeni: Jumapili hatukupiga picha. Acheni wazi."

Siku ya wazazi iliyofuata tulitundika shuka ukutani, tukawasha projekta. Picha zikapita, udongo, udongo, kisha pengo jeupe. Mayu akasimama.

"Hapo katikati mmeficha nini?"

Nilifungua mdomo, binti akaniwahi. "Jumapili, bibi. Tulikuwa kanisani. Na wewe ulikuwa nyuma yangu unasinzia."

Watu wakaangua kicheko. Binti akaendelea, kavu kabisa: "Zilizosuguliwa zimeota kumi na tano, zenye manyoya kumi na moja. Zipi zilianza, hatujui. Tutapanda tena, ili kuota kusigonge Jumapili."

Mayu akalitazama tena lile pengo. Akasema, "Sasa nimeamini. Mwongo angeziba." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mbegu za kurudia njoo uchukue kwangu."

Ndugu zangu, sijawahi kupewa cheti kinachokizidi hicho.

Basi wabeja sana, asanteni. Wabeja mliotoa simu, na wewe mwenye mbuzi. Wabeja mkuu wa shule, ingawa leo umejua nilitaka mbili. Wabeja mayu kwa kunicheka mbele za watu. Ungenicheka pembeni nisingepona. Ninachowaachia ni hiki: usipojua, acha pengo, na uandike kwa nini.

Tumepanda tena Jumatano iliyopita. Simu mbili zimetoka, simu mbili zimerudi. Matokeo bado sijui, na leo nasema sijui nikiwa nimesimama wima.