Mtungi Kwenye Beseni

Baridi ya Julai Tunduma haina adabu, inamwingia mtu mpaka kwenye mifupa. Asubuhi ile, kwenye benchi la njiapanda ya maegesho ya malori, wenyewe walikuwepo: Jonasi mbadilisha fedha, aliyeitwa Kwacha, Zabron dereva, jina lake la utani Tani Thelathini, Othmani na birika lake la kahawa, na Habibu wakala wa forodha, Profesa wao, kwa kuwa alisoma sayansi hadi kidato cha sita na hajawahi kuacha swali lipite bila jibu. Ng'ambo ya barabara, meza ya vitumbua ya Nesta ilikuwa imepinduliwa, miguu juu. Juzi Nesta aliungua nyumbani kwake. Alikuwa ameuweka mtungi wa gesi kwenye beseni la maji ya moto, maana baridi ikizidi moto wa gesi hunyong'onyea, na nusu ya mtaa hufanya hivyo. Habibu alishika kikombe tu.

— Ile gesi ni ya Nakonde, upande wa Zambia, alisema Kwacha. Haijazoea hali ya huku.

— Awe, wapi! Tangu lini gesi ikajua mpaka? Othmani akauliza.

— Sikilizeni, alisema Tani Thelathini. Baridi inailaza gesi. Ukiiamsha kwa maji ya moto, inaamka na hasira.

— Si hasira, ni mbio. Habibu alijikuta keshasema. Ulimi wake huo! Akaendelea: joto likipanda, chembe za gesi zinakimbia zaidi, zinausukuma mtungi kwa ndani. Mpira wa mtungi ulikuwa umelegea, ikavuja.

— Kama ina mbio hivyo, mbona haikutoka nje? Kwacha akauliza. Dirisha la juu alilifungua!

— Ina uzito. Kwenye joto lile lile, chembe nyepesi ndizo zinazokimbia, nzito zinajikokota.

— Kama mimi kwenye mlima Senjele, alisema Tani Thelathini. Lori tupu napanda napiga mluzi, na mzigo natambaa.

— Hivyo hivyo. Na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ilishuka sakafuni, ikatambaa mpaka kwenye jiko la mkaa pale mlangoni.

— Ndiyo maana wakasema haraka haraka haina baraka, alisema Othmani.

— Mzee, si Profesa kasema ilitambaa? Tani Thelathini akadakia. Haraka ya nani?

— Basi ni jini, alijibu Othmani. Jini la moto, limedandia lori la chumvi kutoka Ivuna.

— Jini gani! Kwacha akapiga paja. Wahenga walishasema maji ya moto hayachomi nyumba. Hata wewe Profesa, si ulimwambia Nesta hapa hapa alale usingizi?

Habibu aliyakumbuka yote, Mungu amsamehe. Wiki iliyopita Nesta alisimama mbele yao na sahani ya vitumbua, akauliza, "Kaka Profesa, ikivuja inaelekea wapi?" Naye, kitumbua mdomoni, akamjibu, "Juu, kama moshi. Fungua dirisha la juu, ulale usingizi." Wote wakacheka. Habari ya uzito aliijua tangu shule, ila siku ile alitaka kuchekesha.

Edina, mdogo wake Nesta, akatokea na chupa ya uji mkononi, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?

— Miguu yote bandeji. Hatatembea leo wala kesho. Namuuliza, dada, nani alikwambia gesi inapanda juu? Anageuza uso ukutani. Nyie ndio mlikuwa naye kila siku. Ni nani?

Othmani akaliinamisha birika ambalo halikuwa na kitu. Tani Thelathini akatazama matairi ya lori lake, Kwacha akatazama viatu.

— Kaka Profesa, wewe ndiye msomi. Humjui?

Habibu akakiweka kikombe chini.

— Simjui, alisema.

— Haya, asante.

Edina akavuka barabara, akaweka chupa ya uji chini, akaanza kuinua meza ya dada yake peke yake. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.